Macho Yanacheka, Masikio Yamelala

"Mwanangu anashinda kwenye katuni za Kiingereza. Mbona ukimsemesha kwa lugha hiyo anakukodolea macho?"

Swali hili halikosekani kwenye vikao vya wazazi. Walimu wa madarasa ya chini nao wana la kwao: nimewawekea watoto video nzuri ya hadithi, wametulia tuli, wamecheka panapochekesha, lakini nilipowauliza wamesikia nini, hakuna aliyenyoosha mkono.

Mzazi na mwalimu wanalalamikia jambo moja. Watoto walitazama. Hakuna kilichowalazimu kusikiliza, kwa hiyo hawakusikiliza.

Aliyewahi kupanda basi la mkoani anamjua Mr Bean. Mwingereza huyo yuko kwenye runinga tangu 1990, na akianza vituko vyake basi zima linacheka, bibi mwenye kikapu na mwanachuo kwa pamoja, ingawa ni nadra afungue mdomo kusema neno. Pingu, yule pengwini wa udongo kutoka Uswisi, anaongea lugha isiyokuwepo popote duniani, na watoto wa mataifa mengi wanamwelewa. Hawa wawili wanatuonyesha nguvu ya picha inayotembea: inaweza kubeba kisa kizima bila msaada wa lugha. Katuni nyingi zilizojaa maneno ya Kiingereza zimejengwa vivyo hivyo. Simba akitumbukia mtoni, mtoto ameshaelewa kabla msimulizi hajamaliza sentensi. Sikio lake halina kazi.

Sura hii inahusu video za hadithi, yaani video fupi zinazosimulia kisa kimoja kwa sauti na picha, na namna ya kuzitumia ili sikio lipate kazi. Naamini zinafaa sana. Naamini pia kwamba zikiwashwa na kuachwa zijiendeshe zenyewe, hufundisha kidogo mno kuliko tunavyodhani.

Sikio la mtoto wetu linakutana na nini?

Katika shule nyingi za msingi za serikali Tanzania, mtoto husoma kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo mojawapo. Akifika kidato cha kwanza, biolojia, jiografia na hisabati vinageuka vyote kuwa vya Kiingereza. Wapo wanaofika pale wakiwa wamesoma Kiingereza cha ubaoni miaka yote, bila kukisikia kikisemwa kwa mtiririko. Neno wanalijua kwenye kitabu, lakini mwalimu akilitamka katikati ya maelezo linawapita. Kwangu hili ni moja ya maumivu makubwa ya elimu yetu, kwa sababu mtoto huyo huonekana mzito wa sayansi ilhali kilichomshinda ni sauti.

Sauti zenyewe zina sababu ya kumshinda. Kiswahili kina irabu tano, na kila moja hutamkwa vilevile popote ilipo. Silabi zetu nyingi huishia na irabu, na mkazo, yaani nguvu ya sauti, hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Sikio lililokulia humo limezoea kupewa kila silabi kwa ukamilifu. Kiingereza, hasa cha Uingereza, kina sauti za irabu zinazokaribia 20, kinabandika konsonanti tatu mfululizo bila kupumua, na silabi zisizo na mkazo kinazimeza. "Bread and butter" likisemwa haraka, neno la katikati linabaki mguno wa "n" tu. "Ship" na "sheep" kwa mtoto wa darasa la pili ni kitu kimoja. Kuna mahali tumebarikiwa: anayetamka sawasawa "thamani" na "dhahabu" tayari anazo sauti mbili za Kiingereza ambazo Wafaransa na Wajerumani huzitafuta kwa taabu.

Hakuna kanuni ya ubaoni inayoweza kulizoesha sikio mambo haya. Linahitaji kusikia maneno yaleyale mara nyingi, yakisemwa kwa namna ya kawaida, ndani ya kisa ambacho mtoto anataka kujua mwisho wake. Hapo ndipo hadithi inapoingia.

Je, runinga yenyewe inafundisha?

Inategemea umri, na inategemea nani amekaa pembeni.

Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, walichukua watoto wachanga wa miezi tisa kutoka familia za Kimarekani zinazoongea Kiingereza. Kundi moja lilichezewa na kusomewa vitabu kwa Kichina cha Mandarin na watu waliokaa nao sakafuni. Kundi jingine liliwatazama watu walewale kwenye runinga. Waliokuwa na mtu walijifunza kutofautisha sauti za Kichina. Waliokuwa na runinga hawakujifunza kitu. Kwa mtoto mdogo namna hiyo, uso unaomwitikia hauna mbadala. Ndiyo maana mimi simshauri mzazi yeyote kumwekea mtoto wa mwaka mmoja katuni kwa jina la Kiingereza. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, halipendekezi skrini kabisa kwa watoto wa umri huo, na kwa wa miaka miwili hadi minne limeweka mpaka wa saa moja kwa siku.

Akishafika umri wa shule ya awali, hali hubadilika. Akili and Me, katuni inayotengenezwa Dar es Salaam na shirika la Ubongo, ilipimwa kwa watoto wa Morogoro. Waliotazama kwa wiki kadhaa waliwapita wenzao katika kuhesabu, kutambua maumbo, kuchora, na katika Kiingereza pia. Kwa hiyo skrini inaweza kufundisha, ikiwa imetengenezwa kwa ajili hiyo.

Kuna jambo la tatu ambalo walimu wetu wangelipenda. Kipindi cha Kimarekani cha Blue's Clues, kilichoanza 1996, kilirusha sehemu ileile siku tano mfululizo, Jumatatu hadi Ijumaa. Mtu mzima angezima runinga siku ya pili. Watoto walizidi kukipenda, na kila siku walijibu maswali ya mtangazaji kwa sauti kubwa kuliko jana. Mtoto anayesema "tena!" anajua anachohitaji. Siku ya kwanza macho yake yanameza kisa. Siku ya tatu kisa hakina jipya kwa macho, na hapo sikio linaanza kuokota maneno.

Kwa ufupi:

- Chini ya miaka miwili, tafuta mtu wa kuongea naye na uache skrini.
- Kuanzia umri wa shule ya awali, video iliyotengenezwa vizuri inafundisha.
- Hadithi moja kwa wiki nzima inazaa matunda kuliko hadithi tano kwa siku tano.

Kuchagua video

Walimu wengi huchagua kwa uzuri wa picha. Mimi ningeanza kwa kufumba macho. Washa video, geuka, sikiliza. Kama kilichobaki ni muziki, mlio wa magari na vicheko, hiyo ni video ya macho. Kama bado unasikia mtu anasimulia, kwa sentensi fupi, na maneno fulani yanarudi na kurudi, umepata ya kufundishia.

Mengine ya kuangalia:

- Urefu usizidi dakika tano. Vipindi vya Peppa Pig, katuni ya Uingereza iliyoanza 2004, vina dakika tano hivi, na kwa watoto wadogo hizo zinatosha.
- Sauti na picha zikutane: nguruwe anapotajwa ndipo aonekane, sio sekunde kumi baadaye.
- Maandishi ya chini ya picha yazimwe kwa watoto wanaojua kusoma. Wakiyaona watasoma, na sikio litalala tena.

Usisumbuke mno na lafudhi. Msimulizi wa London, wa Lagos au wa Nairobi, wote wanafaa, mradi asikike vizuri. Mtoto atakutana na Viingereza vingi maishani, na cha kwanza atakachokutana nacho sekondari ni cha mwalimu wake Mtanzania.

Hadithi moja, wiki moja

Tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Kitabu cha We're Going on a Bear Hunt, cha Michael Rosen na mchoraji Helen Oxenbury, kilitoka Uingereza mwaka 1989. Familia inakwenda kumtafuta dubu. Njiani inakuta majani marefu, mto, matope, msitu, dhoruba ya theluji na pango. Pangoni wanamkuta dubu kweli, wanatimua mbio, na wanarudi kwa njia ileile, kila kikwazo kikipitwa kinyumenyume mpaka wanajifungia chumbani chini ya shuka.

Ipo video ambayo Rosen mwenyewe anakisimulia. Hakuna katuni ndani yake. Ni mzee mmoja amesimama mbele ya ukuta mtupu, akitumia uso, mikono na mdomo. Anatengeneza mlio wa majani, mlio wa maji na mlio wa matope. Naiona kuwa hazina kwa mwalimu wa kusikiliza, kwa sababu majani, mto na dubu havipo kwenye skrini. Mtoto anayetaka kuviona hana budi kuvisikiliza.

Siku ya kwanza, kabla ya kuwasha kitu chochote, chora vikwazo sita kwenye karatasi za manila. Picha sita rahisi: mistari ya kijani, mawimbi, rangi ya kahawia, miti, vitone vyeupe, tundu jeusi. Zibandike ubaoni. Theluji itahitaji maelezo. Wa Moshi mwonyeshe kilele cha Kilimanjaro kupitia dirishani, wa Tabora mpe barafu ya friji aishike. Sema jina la kila picha kwa Kiingereza, watoto waguse. Wasitamke bado, waguse tu. Kisha wape kazi moja, na iwe moja kweli: "Msikilizeni babu huyu. Tunataka kujua picha ipi inaanza, na ipi inafuata." Washa video. Utaona vichwa vinageuka kutoka kwenye skrini kwenda ubaoni, na kurudi. Hayo ni masikio yanafanya kazi mbele ya macho yako.

Siku ya pili, watoto sita wanapewa picha hizo na kukaa sehemu tofauti za darasa. Video inacheza. Anayesikia picha yake anasimama. Simamisha video anaposimama asiyestahili, rudisha nyuma kidogo, asikie tena. Usimwambie jibu. Kurudisha nyuma ndiyo faida kubwa ya video kuliko msimulizi wa baraza, na walimu wengi hawaitumii.

Siku ya tatu, geuza skrini ielekee ukutani, ibaki sauti. Darasa zima linakuwa familia ya wawinda dubu: wanapasua majani, wanavuka mto, wanakokota miguu matopeni. Mwanasaikolojia wa Marekani, James Asher, alijenga mbinu nzima ya kufundisha lugha juu ya wazo hili katika miaka ya 1960: mwanafunzi asikie agizo na alitende kwa mwili, bila kulazimishwa kusema. Sisi tumelijua kitambo kupitia mchezo wa nyama. Kiongozi anataja wanyama kwa haraka, watoto wanaruka kwa mnyama anayeliwa, na anayeruka kwa asiyeliwa anatoka. Hakuna zoezi la kusikiliza linalolipita hilo. Ucheze kwa Kiingereza ukitumia maneno ya hadithi: kilichomo wanaruka, kisichokuwemo wanatulia. Mtu akiruka kwa "table", darasa lote litamcheka kwa upendo, na neno "table" halitamtoka tena.

Siku ya nne fanyeni kazi ya kurudi nyumbani peke yake. Pale vikwazo vinakuja kwa kasi, kinyumenyume, na mtoto hawezi kukisia kwa mazoea. Mpe kila mmoja karatasi apange picha kwa namba kadiri anavyosikia. Hapa ndipo utakapowajua waliokuwa wakiiga wenzao siku zote.

Katika muda wote huo mtoto hajalazimishwa kusema sentensi hata moja. Wengi watasema wenyewe, hasa yale maneno yanayorudiarudia. Waache.

Kutafsiri au kutotafsiri

Dar es Salaam ilimjua Lufufu, bingwa wa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili katika vibanda vya video. Kenya kuna DJ Afro, na Uganda kuna VJ Jingo anayesimulia kwa Kiluganda. Ni sanaa kubwa. Mtu anaingia kibandani bila kujua lugha ya filamu, anatoka na kisa kizima, pamoja na utani ambao haukuwemo. Lakini anatoka vilevile alivyoingia kwa upande wa lugha. Sauti ya filamu ilikuwa chini, ya msimulizi ilikuwa juu.

Mwalimu anayesimamisha video kila sentensi na kuitafsiri anafanya kazi hiyohiyo. Watoto ni werevu. Wakishajua kwamba Kiswahili kinakuja, wanakisubiri. Kiingereza kinageuka kelele ya kuvumilia.

Sisemi Kiswahili kifungiwe nje ya darasa. Mtoto aliyepotea hajifunzi, anaogopa tu. Kitumie kabla na baada. Kabla, simulia kisa kwa Kiswahili kwa kifupi, anza na "Hadithi, hadithi!" na darasa liitike kama walivyozoea kuitika kwa bibi zao. Baada, waache waulize na wasimuliane kwa lugha watakayo. Wakati video inacheza, nyamaza. Onyesha kidole, igiza, tikisa kichwa.

Watoto themanini, simu moja

Ushauri mwingi kuhusu video umeandikwa kwa madarasa yenye projekta, na mwalimu wa watoto themanini ana haki ya kuuliza unamhusu nini. Bahati ni kwamba kwa somo la kusikiliza, skrini ndogo ni tatizo dogo. Spika ndiyo ya lazima. Spika ya kuchaji, hata ile ya kanisani au ya msikitini mkiazima, inafikisha hadithi mpaka dawati la nyuma, na picha za manila zinafanya kazi ya skrini. Simu yenyewe izungushwe kwa makundi madogo, kila kundi lipate dakika zake tano za kuona kile ambacho limeshakisikia.

Video ipakuliwe mapema, mahali penye intaneti ya bure au bando la usiku, na iwekwe kwenye kadi ya memori. Somo linalosubiri mtandao darasani limeshakufa.

Na kama hakuna video inayofaa, itengeneze. African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, una hadithi nyingi za picha katika lugha za Afrika na kwa Kiingereza, zenye leseni huria, yaani ruhusa ya kuzitumia na kuzibadilisha bila malipo. Pakua moja yenye kuku na soko badala ya dubu na theluji. Irekodi kwa sauti yako ukisoma polepole lakini kwa mtiririko, picha zikipita kwenye simu. Mwalimu anayeona aibu na Kiingereza chake airudie rekodi mpaka aridhike nayo, hakuna anayemsubiri. Watoto wakisikia sauti ya mwalimu wao ikitoka kwenye spika watasikiliza kuliko wanavyomsikiliza mgeni yeyote.

Nyumbani ni hivyohivyo kwa udogo. Mzazi asiyejua Kiingereza asikate tamaa, anachotakiwa kujua ni kisa tu. Akae na mtoto, achague video moja ya wiki, asimamishe kabla ya tukio na kuuliza kwa Kiswahili, "Umesikia amesema nini?" Swali hilo moja, likiulizwa kila siku, linambadilisha mtazamaji kuwa msikilizaji.

Utajuaje kama wamesikia?

Usiwape mtihani wa kuandika. Mtoto wa darasa la pili anayeshindwa kuandika "river" anaweza kuwa analitambua vizuri akilisikia, na karatasi haitakuambia.

Siku ya tano zima kila kitu. Simama mbele ya darasa, usimulie hadithi hiyo kwa Kiingereza, na uikosee makusudi. Peleka familia mtoni kabla ya majani. Weka simba pangoni. Vuka matope halafu ingia pangoni moja kwa moja, bila msitu wala theluji. Simulia kwa uso mkavu, usionyeshe picha wala kuinua mkono, ili wasipate msaada mwingine zaidi ya sauti yako.

Waliosikia hawatakuvumilia. Watapiga kelele "No!", watasimama, wengine watakuja mbele kukuonyesha picha uliyoiruka. Andika majina yao. Andika pia wanaopiga kelele nusu sekunde baada ya wenzao, na wanaokaa kimya wakiangalia huku na huku. Hao ndio wa kuanza nao Jumatatu, wanne au watano kwa kundi, simu ikiwa mezani, kwa kipande kifupi cha mtoni peke yake.